Programu ikitelekezwa, hesabu za ushirika zitunzwe na nani?

WAHENGA walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msemo huo tumezoea kuutumia kwa mtu anayesubiri shamba la kaka yake au duka la shemeji yake. Siku hizi unavihusu pia vyama vya akiba na mikopo, vyama vya msingi vya mazao, na hata maduka ya pembejeo yaliyohamishia hesabu zake kwenye kompyuta.

Tuchukue mfano. Si wa chama fulani, lakini viongozi wengi wa SACCOS na AMCOS mkoani Singida wataitambua sura yake. Chama cha wakulima wa alizeti chenye wanachama 300 kinaamua kuachana na madaftari. Anatafutwa kijana mtaalamu, anaweka programu ya hesabu, anamfundisha karani kwa siku tatu, analipwa na kuondoka. Kwa miaka minne mambo yanakwenda vizuri. Mwaka wa tano kompyuta inaharibika, inanunuliwa nyingine, na ile programu inagoma kufanya kazi kwenye kompyuta mpya. Kijana anapigiwa simu, namba haipatikani. Huo ni mwezi Desemba. Mvua zimeanza, wanachama wanahitaji mikopo ya mbegu na ya kulimia, na bodi haiwezi kumkopesha mtu ambaye haijui salio lake.

Tatizo hapo si la ufundi peke yake, ni la umiliki. Je, chama kilinunua programu, au kilinunua ruhusa ya kuitumia tu? Je, mtaalamu mwingine anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza? Na kama anaruhusiwa, mtaalamu huyo yupo?

Makala haya yanachambua njia moja ambayo imekwishajaribiwa duniani na hapa Afrika Mashariki, nayo ni watumiaji wa programu iliyotelekezwa kuichukua wenyewe, kuianzishia tawi jipya na kuitunza kwa pamoja. Njia hiyo inawezekana. Hata hivyo, ina masharti yake na ina gharama, na chama kisichoyajua masharti hayo kabla ya kusaini mkataba kitayajua kwa hasara.

Mashine na mchoro wake

Programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa maandishi ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma. Maandishi hayo huitwa msimbo. Baadaye hugeuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inakielewa lakini binadamu hawezi kukisoma kwa urahisi. Kampuni nyingi humuuzia mteja hicho cha pili tu, na msimbo hubaki kabatini mwao.

Mwenye mashine ya kukamua alizeti ataelewa haraka. Ukiuziwa mashine bila mchoro, kipuri kikivunjika unamrudia aliyekuuzia, na kama amefunga biashara umekwama. Ukipewa mashine pamoja na mchoro, unakwenda kwa fundi yeyote mwenye uwezo wa kukereza chuma, naye anakutengenezea kipuri kinachofanana. Programu huria ni ile inayotolewa pamoja na mchoro wake, na pamoja na leseni inayosema wazi kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wengine.

Msomaji asichanganye huria na bure. Programu nyingi tunazopakua kwenye simu hatuzilipii, lakini mchoro wake haupo mikononi mwetu. Mwenyewe akizifunga kesho, hatuna la kufanya.

Kwa programu huria hali ni tofauti. Mwenye mradi akiuacha, au akiupeleka mahali ambako watumiaji hawakutaka, watumiaji hao wanaweza kuchukua nakala ya msimbo wote, wakaipa jina jipya na kuendelea kuanzia pale alipoishia. Hilo ndilo tawi jipya. Jina la zamani kwa kawaida hubaki mali ya mwenyewe, lakini hawezi kuwazuia wengine kuendelea na kazi iliyomo ndani yake.

Jina la tawi mojawapo maarufu limetoka kwenye lugha yetu. Mwaka 2005 waandishi wa programu ya kutengeneza tovuti iliyoitwa Mambo walikosana na kampuni ya Australia iliyokuwa ikilimiliki jina hilo. Walichukua msimbo wakaondoka nao, wakauita Joomla, kutokana na neno la Kiswahili jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja. Joomla inaendelezwa hadi leo. Mambo iliishiwa nguvu na kukoma miaka michache baada ya mgawanyiko huo.

Somo la mbegu ya Record

Wakulima wa Singida wana mfano wao wa jambo hili, na wameuishi kwa miaka mingi. Mbegu ya alizeti ya Record ni ya zamani na si chotara. Mkulima anaweza kuvuna, akabakiza mbegu na kupanda tena msimu unaofuata, tofauti na chotara ambayo huzaa sana lakini ukiirudia hupoteza sifa zake, kwa hiyo kila mwaka lazima urudi dukani. Kwa maana hiyo Record ni ya wote. Hakuna anayeweza kumzuia mkulima wa Ikungi, Iramba au Mkalama kubakiza debe lake na kulipanda.

Lakini kila mkulima mzoefu anajua kilichotokea. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hawajui mpaka wa shamba. Watu walipobakiza mbegu mwaka hadi mwaka bila kuchagua vichwa na bila kutenga mashamba, mbegu ikachanganyika. Shamba moja likawa na mimea mirefu na mifupi, vichwa vikubwa na vidogo, vingine vimekomaa na vingine bado vibichi, na mkamuaji akalalamika kwamba gunia halitoi mafuta kama zamani. Record haikuibiwa na mtu wala haikupigwa marufuku. Ilikosa watunzaji.

Kilichoisaidia ni kazi ya kuchosha. Mbegu mama ilitunzwa katika kituo cha utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa. Wakulima wa vijijini wakafundishwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, chini ya ukaguzi wa taasisi ya uthibitishaji mbegu, TOSCI. Katika mikoa ya kanda ya kati, Singida na Dodoma zikiwamo, kazi hiyo ilipewa msukumo mwishoni mwa miaka ya 2000. Shamba la mbegu linatengwa mbali na mengine, mimea isiyofanana inang'olewa kabla haijachanua, mkaguzi anapita na kuandika.

Programu huria ina tabia hiyo hiyo. Leseni inampa mtumiaji haki ya kupanda tena, lakini haimletei mtu wa kung'oa mimea isiyofanana. Huyo lazima atafutwe na alipwe. Kwa maneno mengine, anayemwambia mwenyekiti wa SACCOS kwamba programu yake haiwezi kufa kwa kuwa ni huria, amemwambia nusu ya ukweli.

Yaliyoipata Jambo OpenOffice

Tanzania imewahi kuyaona haya kwa macho yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, walianzisha mradi wa KiLinux. Lengo lilikuwa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Desemba mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisini ya kuandikia barua na kupangia hesabu kwenye majedwali, ikiwa na maelekezo ya Kiswahili. Kwa karani wa chama cha msingi ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, hilo halikuwa jambo dogo.

OpenOffice yenyewe haikuwa ya Tanzania. Ilianzia katika kampuni ya Ujerumani iitwayo Star Division, ikanunuliwa na kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems mwaka 1999, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2000. Sun ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara ya waandishi wengi wa programu hiyo. Januari 2010 Sun ikamezwa na kampuni kubwa zaidi, Oracle, na wenye uzoefu wakaona kwamba mwenye mali mpya hana hamu kubwa na mradi huo.

Hawakusubiri. Septemba 28, 2010 kundi kubwa la waandishi na watafsiri lilitangaza taasisi yao, The Document Foundation, pamoja na tawi jipya lililoitwa LibreOffice. Toleo la kwanza lilitoka Januari 2011. Mwezi uliofuata waliomba michango ya euro 50,000 ili taasisi yao isajiliwe kisheria nchini Ujerumani, na fedha hizo zikapatikana kwa siku nane. Aprili mwaka huo Oracle ilitangaza kuachana na toleo la biashara la OpenOffice, na Juni ikaukabidhi mradi kwa taasisi isiyo ya faida ya Marekani, Apache Software Foundation. Miaka imepita, na LibreOffice inaendelea kutoa matoleo mapya kila mwaka.

Je, Kiswahili kiliishia wapi? Jina la Jambo halisikiki tena. Hata hivyo, kwa kuwa kazi za namna hiyo zilitolewa kwa leseni huria, hazikuzikwa pamoja na kampuni. Kiswahili cha Tanzania kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice, na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili imo vilevile. Lakini tafsiri haijakamilika. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na wanaojitolea kuyatafsiri ni wachache.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. Tawi lilistawi kule juu kwa sababu lilikuwa na watu wengi, lilikuwa na chombo cha kisheria, na lilikuwa na fedha. Kiswahili kilidhoofika kwa sababu kilipangiwa mradi wenye mwanzo na mwisho, na mradi ulipoisha hakuna aliyeachiwa jembe la kupalilia kila msimu.

Mfano ulio karibu na SACCOS

Mifos iko karibu zaidi na ofisi ya SACCOS. Hiyo ni programu huria ya kuendeshea taasisi ndogo za fedha. Inatunza majina ya wanachama, akiba, mikopo, riba na marejesho. Ilianzishwa na Grameen Foundation ya Marekani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2006. Grameen Foundation iliajiri waandishi wa programu na kulipia kazi, na taasisi za Asia na Afrika zikaanza kuitumia.

Mwaka 2011 mfadhili huyo aliamua kujitoa. Tuliozoea miradi ya wafadhili vijijini tunajua picha inayofuata: gari linaondoka, ofisi inafungwa, kibao kinabaki barabarani. Safari hii haikuwa hivyo. Watumiaji, wafanyakazi wachache wa zamani na kampuni ndogo zilizokuwa zikiifunga programu hiyo kwa wateja waliunda chombo chao, ambacho leo kinaitwa Mifos Initiative. Hawakugombana na mwenye mali, walikabidhiwa. Walipoona msingi wa zamani ni mzito, wakajenga kizazi kipya, Mifos X. Mwishoni mwa mwaka 2015 waliipeleka injini ya mfumo huo kwenye taasisi ile ile ya Apache, kwa jina la Fineract, na Aprili 2017 ikakubaliwa kuwa mradi kamili wa taasisi hiyo.

Kwa nini Apache? Kwa sababu pale jina la mradi linashikwa na taasisi, si kampuni moja. Mshiriki mmoja akifilisika au akichoka, wengine wanabaki na funguo. Mkulima anaufahamu utaratibu huu, kwani ndio wa ushirika. Mwanachama akihama kijiji, ghala halihami naye.

Jirani zetu wa Kenya waliitumia nafasi hiyo. Kampuni ya Musoni ilianza kukopesha wateja wadogo jijini Nairobi mwaka 2010 kwa kutumia M-Pesa badala ya fedha taslimu, na mfumo wake baadaye ulijengwa juu ya Mifos X. Hawakuanza sifuri. Walichukua kilichokuwapo, wakaongeza kile ambacho mkopaji wa Kenya anakihitaji, yaani simu.

Jambo la kujifunza ni nani aliyebaki mfadhili alipoondoka. Walibaki wale ambao riziki yao ilitoka kwenye programu hiyo: mafundi wanaoifunga na taasisi zinazoitegemea. Mwenye kula kutokana na zao ndiye mwenye sababu ya kulipalilia.

Kipande kidogo, hasara kubwa

Kuna upande mwingine ambao hauonekani kwa urahisi. Programu ya SACCOS haiandikwi yote na mtu mmoja. Hujengwa kwa vipande vingi vilivyoandikwa na wengine na kuwekwa wazi. Kipande kimoja kinapiga tarehe, kingine kinatoa risiti, kingine kinaficha neno la siri. Wataalamu huita vipande hivyo maktaba za programu. Ni kama beringi katika mashine: mnunuzi haioni, lakini ikisagika mashine nzima inasimama.

Maktaba iitwayo OpenSSL hulinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, za benki zikiwamo. Aprili 2014 ilibainika kuwa na ufa uliopewa jina la Heartbleed, ambao ulimwezesha mtu wa mbali kuchungulia siri zilizomo kwenye kompyuta. Watu walipouliza nani anaitunza, walishtuka. Kampuni tajiri duniani ziliitegemea, lakini michango iliyokuwa ikiifikia kwa mwaka ilikuwa takriban dola 2,000 tu. Mwezi huo huo kundi la OpenBSD lilichukua msimbo wake na kuanzisha tawi lililoitwa LibreSSL. Kwa upande wake OpenSSL nayo ilianza kupata fedha na watu. Zote mbili zipo.

Machi 2024 likatokea jambo la kutisha zaidi. Mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya maktaba ndogo iitwayo xz. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejitokeza kama msaidizi, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa na mtunzaji aliyekuwa amechoka, kisha akapandikiza ubaya wake. Iligunduliwa kabla haijasambaa sana. Funzo lake ni kwamba mradi uliochoka ni kama boma lisilo na mlinzi. Anayejitolea kulinda si lazima awe mtu mwema, kwa hiyo kazi ya mtu mmoja lazima ikaguliwe na mwingine.

Kufufua kunahitaji nini?

Kutokana na mifano hii, tawi jipya husimama pale yanapokuwapo mambo matano.

Kwanza ni leseni. Kama programu si huria na mkataba haukutoa haki ya msimbo, hakuna cha kufufua, na kuichukua kwa nguvu ni kuvunja sheria ya hakimiliki.

Pili ni msimbo wenyewe, ukiwa kamili na wa toleo la mwisho, na si nakala ya zamani iliyosahaulika kwenye diski ya mtu.

Tatu ni watumiaji wanaojuana. Chama kimoja cha Kiomboi hakiwezi kubeba mzigo huu. Vyama kumi au ishirini vinavyotumia programu moja vinaweza.

Nne ni chombo chenye katiba, ili ijulikane nani anaamua, nani anakagua na nani anashika fedha.

Tano ni fedha kidogo zisizokatika. Tufanye hesabu ya mfano. Vyama 20 vikichanga sh. 25,000 kila kimoja kwa mwezi, zinapatikana sh. 500,000 kwa mwezi, sawa na sh. milioni 6 kwa mwaka. Hizo hazitoshi kumwajiri mhandisi bingwa. Zinaweza kumlipa kijana mwenye ujuzi kwa siku kadhaa kila mwezi ili aweke marekebisho ya usalama, ajaribu programu kwenye kompyuta mpya na kuitika simu ya karani. Chama kimoja kikitaka huduma hiyo peke yake kitalipa sh. milioni 6 zote. Hiyo ndiyo faida ya jumla.

Vijana hao si lazima watoke Dar es Salaam. Singida kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), kuna chuo cha VETA na kuna ofisi ya SIDO. Kijana anayejua hesabu na mwingine anayejua kompyuta, wakikutana mbele ya tatizo la kweli la SACCOS ya jirani, wanaweza kujenga biashara ya huduma. Si lazima wagundue programu mpya. Kutunza iliyopo ni kazi yenye malipo, kama kutunza mashine za kukamua.

Uzoefu wa sekta ya afya unaonyesha kuwa inawezekana. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulisambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuutunza na kuurekebisha kwa mazingira ya Tanzania. Umedumu kwa sababu una wizara inayouhitaji kila mwezi na chuo kinachozalisha watu wanaoujua.

Si kila maiti ifufuliwe

Aidha, lazima tuseme wazi kwamba kuna wakati kufufua ni kupoteza fedha. Kama ipo programu nyingine iliyo hai inayofanya kazi ile ile, ni nafuu kuhamisha kumbukumbu kuliko kulisha tawi ambalo hakuna mwingine anayelitaka. Kikundi cha VICOBA chenye wanachama 30 hakihitaji mfumo wowote mkubwa. Daftari zuri na jedwali kwenye kompyuta vinatosha. Mfanyabiashara wa vitunguu wa soko la Misuna anayetaka kujua nani anadaiwa magunia mangapi naye yuko katika kundi hilo.

Hatari nyingine ni kugawanyika mno. Kila chama kikichukua msimbo na kuubadilisha kivyake, baada ya miaka mitatu kutakuwa na programu ishirini zisizoelewana, na marekebisho ya moja hayaingii kwenye nyingine. Ni yale yale ya kubakiza mbegu kila mtu kivyake.

Vilevile vyama vikumbuke wajibu wao kisheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitaka viweke vitabu sahihi na kukaguliwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS ziko daraja la tatu na lazima ziwe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mkaguzi wa COASCO hatakubali kuambiwa kwamba hesabu za mwaka mzima zimo ndani ya programu iliyokufa. Mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika nao unategemea taarifa sahihi kutoka kwenye chama chenyewe.

Maswali kabla ya kusaini

Kwa hiyo bodi inayoletewa programu, iwe ya kununua au ya msaada, imuulize mletaji maswali haya mbele ya mashahidi, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Msimbo uko wapi, na chama kitapewa nakala? Leseni inaruhusu fundi mwingine kuutengeneza? Ni vyama vingapi vingine vinaitumia, na tunaweza kuongea navyo? Marekebisho ya mwisho yalifanywa lini, na nani? Kumbukumbu zetu zinaweza kutolewa zote leo na kusomeka kwenye jedwali la kawaida bila programu hii?

Swali la mwisho ni kubwa kuliko yote. Programu inaweza kufa na nyingine ikapatikana. Majina ya wanachama 300, akiba zao na madeni yao yakipotea, hakuna fundi wa Singida wala wa Oslo atakayeyafufua. Chama kitoe kumbukumbu hizo kila mwezi, kiziweke sehemu mbili tofauti, na angalau mara moja kwa mwaka kijaribu kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na mbegu ambayo haijapimwa uotaji.

Baada ya mavuno, mikutano mikuu ya vyama hukaa kusoma mapato na matumizi. Katika makisio ya mwaka huwekwa fungu la kupaka rangi ghala na kukarabati mizani. Ni wakati sasa wa kuweka pia fungu la kutunza programu, hata kama ni hizo sh. 25,000 kwa mwezi, na kuvitafuta vyama jirani vinavyotumia programu hiyo hiyo ili kuchangia pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Desemba ikifika wanachama hawatauliza nani aliandika msimbo. Watauliza mikopo yao iko wapi.